Ndege Katika Mpangilio Mmoja: Timu za Sarakasi za Anga na Historia ya Jeshi la Anga la Tanzania Ikisomwa Kutoka Karagwe na Kyerwa

Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliundwa tarehe 1 Septemba 1964, na katika miaka 60 iliyotimia mwaka 2024 masimulizi yake yameelekea zaidi kwa askari wa miguu, mizinga na vifaru, kwa sababu vita vikubwa kuliko vyote ambavyo jeshi hilo limepigana, vile vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979, viliamuliwa ardhini. Tawi lake la anga, ambalo leo huitwa Kamandi ya Jeshi la Anga, limebaki pembeni mwa masimulizi hayo, ingawa mipango ya kulianzisha ilikuwapo tangu mwaka uleule jeshi lilipozaliwa. Makala haya yanalitazama tawi hilo kwa kipimo kimoja ambacho majeshi ya anga duniani yamekitumia kwa karibu karne nzima, nacho ni uwezo wa ndege kadhaa kuruka pamoja kana kwamba zinaongozwa na mkono mmoja. Mataifa mengi yameuenzi uwezo huo kwa kuunda timu za kudumu za maonyesho, na Tanzania haikufanya hivyo. Lakini wilaya za Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, ziko jirani kabisa na eneo ambalo thamani ya uwezo huo, na gharama ya kuukosa, vilionekana wazi kuliko mahali pengine popote Afrika Mashariki.

Istilahi tatu zinafaa kutenganishwa mapema. Kuruka kwa mpangilio ni pale ndege mbili au zaidi zinaposhika nafasi maalumu, kila moja ikijipima kwa jirani yake, zikaenda kwa mwendo mmoja na kugeuka pamoja. Gwaride la anga ni mpangilio huo unapopitishwa juu ya hadhira bila madoido, kama ifanyikavyo katika sherehe za Uhuru. Sarakasi za anga ni hatua ya juu zaidi, ambapo ndege hubiringika, hupinduka kichwa chini au huchora duara wima, na timu ya sarakasi za anga ni kundi la marubani wa kijeshi walioteuliwa kufanya hayo yote pasipo kuuvunja mpangilio. Jeshi lenye ndege nzuri linaweza kuandaa gwaride la anga kwa wiki chache za mazoezi, ilhali timu ya sarakasi hudai miaka, kwa kuwa kinachojengwa humo ni mazoea ya watu kuaminiana.

Mizizi ya taasisi hii iko katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ambapo marubani waligundua kwamba anayeruka peke yake hushambuliwa kwa urahisi, na kwamba ndege zikijipanga kwa umbo la mshale kila rubani hulinda mgongo wa mwenzake. Vita vilipokwisha, mbinu hiyo ya kujihami ikageuzwa kuwa onyesho. Jeshi la Anga la Uingereza lilianza mwaka 1920 kufanya maonyesho ya kila mwaka huko Hendon, kaskazini mwa London, na katika miaka ya 1930 watazamaji wa Hendon waliona ndege zilizofungwa pamoja kwa kamba zikiruka na kugeuka bila kutengana. Nchini Ufaransa, walimu wa shule ya marubani ya Étampes waliunda kundi lao mwaka 1931, ambalo ni mzazi wa timu iliyokuja kuitwa Patrouille de France mwaka 1953. Baada ya Vita vya Pili, injini za jeti zilipoongeza kasi na hatari, Jeshi la Majini la Marekani liliunda Blue Angels mwaka 1946, na Jeshi la Anga la nchi hiyo likafuata na Thunderbirds mwaka 1953. Mwaka 1958 kikosi cha Uingereza kilichojulikana kama Black Arrows kilipeleka ndege 22 za Hawker Hunter kuchora duara wima kwa pamoja huko Farnborough, jambo ambalo hadi leo hutajwa kwa heshima na marubani wa kila taifa. Frecce Tricolori ya Italia iliundwa mwaka 1961, timu ya China inayoitwa kwa tarehe ya kuzaliwa kwa jeshi lake, yaani 1 Agosti, ikaanzishwa mwaka 1962, Patrouille Suisse ya Uswisi mwaka 1964, na Red Arrows ya Uingereza ikafanya onyesho lake la kwanza mwaka 1965.

Namna timu hizi zinavyofanya kazi inastahili kuelezwa kwa ukaribu, kwa maana mtazamaji wa chini huona umbo tu wala haoni kazi inayolishikilia. Katika mpangilio, rubani kiongozi ndiye pekee anayetazama mbele. Wengine wote humtazama yeye, au humtazama yule aliye kati yao na yeye, na kila mmoja huchagua alama mbili kwenye ndege ya jirani, kwa mfano ncha ya bawa na ukingo wa kioo cha chumba cha rubani, ambazo zikilingana machoni pake hujua kwamba yuko mahali pake. Hatazami ardhi, hatazami upeo wa macho, na wakati duara linapochorwa huenda asijue kwa hisia kama yuko wima au amepinduka. Mkono wa kushoto, ulio juu ya wenzo wa nguvu ya injini, hautulii, kwani husogezwa mbele na nyuma kwa vipande vidogo mno ambavyo mtu wa pembeni asingevitambua, na mkono wa kulia hushika usukani kwa vidole badala ya kuukaba. Kiongozi huita kila tendo kabla ya kulitenda, kwa sauti yenye mwendo uleule siku zote, ili wote waanze kugeuka katika silabi ileile. Moshi unaoachwa nyuma si wa injini kuungua vibaya, bali ni mafuta ya dizeli yanayonyunyizwa katika hewa ya moto itokayo kwenye injini, na rangi hupatikana kwa kuyachanganya na dawa za rangi. Moshi huo hupamba onyesho, na pia humwonyesha rubani aliye mbali mahali ndege ya mwenzake ilipo na upande upepo unakovuma.

Kanuni inayoibuka hapo ni rahisi kuitamka na ngumu kuitenda. Usahihi wa kundi hauzidi usahihi wa mawasiliano yake. Ushujaa wa rubani mmoja hauwezi kufidia kasoro ya mwenzake, na kosa la nusu sekunde huwagharimu wote, kama ilivyotokea Ramstein, Ujerumani, tarehe 28 Agosti 1988, ambapo ndege tatu za Frecce Tricolori ziligongana na watu 70 wakapoteza maisha, wengi wao wakiwa watazamaji.

Ni jambo lisilosemwa mara kwa mara kwamba ndege zilizotumiwa na timu hizi ziliingia pia Afrika Mashariki, tena si chache. Timu nyingi hutumia ndege za mafunzo au za kivita nyepesi, ambazo ndizo hizohizo nchi changa hununua zinapojenga majeshi yao. Kenya, ambayo jeshi lake la anga lilianza mwaka 1964, ilipata Hawker Hunter katika miaka ya 1970, kisha F-5 ya Marekani, kisha Hawk ya Uingereza. Patrouille Suisse imeruka na Hunter na baadaye F-5, na Red Arrows inaruka na Hawk. Uganda ilipata kutoka Israeli ndege za Fouga Magister, zenye mkia wa umbo la mabawa mawili yaliyoinuka, ambazo Patrouille de France ilizitumia kuanzia mwaka 1964 hadi 1980. Tanzania ilipata kutoka China ndege za F-5 za Kichina, zisizo na undugu wowote na zile za Marekani, na ndugu zake ndizo zilizokuwa za mwanzo za timu ya China. Kwa hiyo mitambo iliyowafurahisha watoto wa Ufaransa, Uswisi na Beijing ilikuwa ileile iliyofika kandokando ya Ziwa Victoria, lakini huku ilifika kwa shughuli nyingine.

Kuzaliwa kwa tawi la anga la Tanzania kulikumbwa na siasa za dunia tangu siku za kwanza. Maasi ya askari wa Tanganyika Rifles ya tarehe 20 Januari 1964 yalisababisha jeshi la kikoloni livunjwe na jipya lijengwe, na Ujerumani Magharibi ikakubali kusaidia kuunda kikosi cha anga kwa kuleta ndege ndogo na wakufunzi. Msaada huo haukudumu. Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ulileta suala la uhusiano wa Zanzibar na Ujerumani Mashariki, na serikali ya Ujerumani Magharibi, iliyokuwa na msimamo wa kutoshirikiana na nchi inayoitambua Ujerumani Mashariki, iliwaondoa wakufunzi wake mwanzoni mwa mwaka 1965. Mwalimu Nyerere naye akakataa kuuza uamuzi wa nchi kwa bei ya misaada. Kanada ilichukua nafasi hiyo, ikatuma timu ya washauri wa kijeshi na ndege za uchukuzi za Otter na Caribou, ambazo sifa yake kubwa ni kuweza kutua katika viwanja vifupi vya udongo. Marubani wa kwanza wa Tanzania walilelewa hivyo katika utamaduni wa uchukuzi, wa kufikisha watu na mizigo mahali pasipofikika kwa barabara, na kwa nchi yenye ukubwa wa Tanzania hilo halikuwa jambo dogo. Ni vema kukumbuka kwamba Kanada hiyohiyo iliunda timu ya Golden Centennaires mwaka 1967 kuadhimisha miaka 100 ya taifa lake, na Snowbirds mwaka 1971, mwaka mmoja tu baada ya washauri wake kuondoka Tanzania.

Baada ya mwaka 1970 China ndiyo iliyoshika mafunzo. Ilisaidia kujenga kituo cha anga cha Ngerengere mkoani Morogoro, ikaleta ndege za F-5 na F-6, na vijana wa Kitanzania wakapelekwa China kujifunza kuruka na ndege za jeti. Umoja wa Kisovieti nao ulileta MiG-21. Katika kipindi cha muongo mmoja hivi, tawi hilo lilipitia mikono ya walimu wa Kijerumani, Kikanada, Kichina na Kirusi, kila mmoja akiwa na lugha yake, vipimo vyake na desturi yake ya kutoa amri hewani. Historia hii inatoa maelezo bora zaidi ya kwa nini Tanzania haikuunda timu ya sarakasi kuliko sababu ya fedha inayotajwa kwa haraka. Timu ya aina hiyo huhitaji kizazi cha walimu waliofundishwa namna moja na kukaa pamoja, na kizazi hicho kilikuwa bado kinakusanywa vita na Uganda vilipobisha hodi.

Upande wa pili wa mpaka, nchini Uganda, mambo yalikwenda kinyume. Idi Amin, aliyetwaa madaraka Januari 1971, alipenda ndege na alipenda zionekane. Septemba 1972, baada ya wapiganaji wanaomuunga mkono Milton Obote, rais aliyempindua, kuvuka kutoka Tanzania, ndege za Uganda zilipiga Bukoba na Mwanza, na mapigano hayo yakamalizwa kwa makubaliano ya Mogadishu ya Oktoba mwaka huo. Julai 1975 Kampala ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ambao Tanzania ilikataa kuhudhuria, na Amin akawaandalia wageni wake onyesho la kijeshi: kisiwa kidogo katika Ziwa Victoria kilifanywa kuwa mfano wa Cape Town, na ndege zikaamriwa kukishambulia mbele ya viongozi. Mabomu yaliangukia majini. Tukio hilo husimuliwa kama kichekesho, na kulisimulia hivyo ni kulikosea, kwa sababu lilikuwa taarifa kamili, iliyotolewa hadharani, juu ya hali ya jeshi la anga ambalo mafunzo yake yalikuwa yamekatwa na siasa na ambalo maofisa wake waliishi kwa hofu. Kundi linaloogopana haliwezi kuruka bawa kwa bawa. Miaka mitatu baadaye taarifa hiyo ilithibitishwa Kyaka.

Jiografia ya mahali hapo inaeleweka vizuri na mkazi yeyote wa Karagwe au Kyerwa. Mto Kagera huteremka ukiwa mpaka na Rwanda upande wa magharibi wa Kyerwa, hukata mashariki ukiwa mpaka na Uganda kupita Murongo, kisha huingia ndani ya Tanzania hadi Kyaka kabla ya kugeuka tena kuelekea ziwani, hivyo kuacha kaskazini mwake kipande cha ardhi ya Tanzania ambacho mpaka wake na Uganda ni mstari tu uliochorwa na wakoloni. Kipande hicho ndicho kilichovamiwa. Kyaka ndipo barabara itokayo Karagwe inapokutana na ile itokayo Bukoba kwenda Mutukula mpakani, na daraja la Kyaka ndilo lililokuwa njia ya magari ya kuvuka mto kuelekea eneo hilo.

Oktoba 1978 ndege za Uganda zilianza kupita juu ya mkoa ambao wakati huo uliitwa Ziwa Magharibi, zikapiga Bukoba, ambako madhara ya mabomu yalikuwa madogo kuliko hofu iliyosababishwa na mishindo yake. Mwisho wa mwezi huo askari wa Amin waliingia kwa wingi, wakashika eneo lote la kaskazini ya mto, wakaua, wakapora kiwanda cha sukari cha Kagera na kuswaga mifugo ya watu. Ili kuzuia Tanzania isirudi, walihitaji kulivunja daraja, na kazi hiyo ikapewa ndege. Marubani wa Uganda walijaribu tena na tena mwanzoni mwa Novemba, huku mizinga ya kutungulia ndege ikiwafyatulia kutoka ng'ambo, na daraja likabaki limesimama. Hatimaye lilivunjwa na mtaalamu wa baruti aliyeletwa kutoka migodi ya Kilembe, aliyetega vilipuzi kwa mikono. Jeshi la anga lililokosa kisiwa mbele ya wageni lilikosa daraja mbele ya adui, na sababu ilikuwa moja. Magofu ya kanisa kilimani Kyaka, yaliyoachwa kama yalivyo, bado yanaonyesha madhara ya vita hivyo.

Upande wa Tanzania haukuwa na haki ya kujisifu katika jambo hili, na historia ya taasisi inayoheshimiwa haipaswi kulificha. Siku hizohizo za mwanzo, ndege za kivita za Tanzania zilizokuwa zikiruka eneo la Musoma zilidhaniwa kuwa za Uganda na kutunguliwa na wapiga mizinga wa Tanzania wenyewe. Ndege za pande zote mbili zilitoka katika ukoo mmoja wa MiG, na askari aliye chini, aliyesikia kwa siku kadhaa kwamba adui atatokea angani, aliona umbo alilofundishwa kulichukia. Hapakuwa na kosa la moyo wala la macho. Palikosekana sauti kati ya rubani na mpiga mzinga, uzi uleule ambao kiongozi wa timu ya maonyesho hauachi ukatike hata kwa sekunde moja. Marubani waliopotea hivyo walikufa wakiitumikia nchi, sawa na waliokufa kwa risasi ya adui, na nafasi yao katika kumbukumbu za taifa inapaswa kuwa sawa.

Kutoka hapo Tanzania ilijenga nguvu yake ya anga kwa njia isiyo ya kawaida, yaani kutokea chini. Askari waliokuwa na makombora mepesi ya kubebwa begani, yanayofuata joto la injini, walisonga pamoja na brigedi baada ya kuvuka Mutukula Januari 1979, na katika mapigano yaliyofuata Jeshi la Anga la Uganda lilipoteza ndege moja baada ya nyingine hadi likakoma kuwa tishio. Masaka na Mbarara zilitwaliwa mwishoni mwa Februari. Libya ilipojaribu kumwokoa Amin kwa kutuma ndege kubwa ya Tupolev Tu-22 kuipiga Mwanza tarehe 29 Machi 1979, mabomu yaliukosa mji na kuanguka katika kisiwa cha Saa Nane, yakaua swala wa hifadhi. Siku chache baadaye marubani wa Tanzania walijibu kwa kupiga malengo Kampala, Jinja na Tororo, na tarehe 7 Aprili kituo cha Entebbe, makao ya nguvu ya anga ya Amin, kikaangukia mikononi mwa askari wa miguu. Kampala ilifuata tarehe 11.

Kwa siku zote hizo, ndege za uchukuzi zilizorithiwa kutoka mpango wa Kanada, pamoja na ndege za kiraia zilizochukuliwa kwa muda, zilikuwa zikibeba askari na mahitaji kuelekea kanda ya ziwa. Kazi hiyo haina picha ya kuvutia, na huenda ndiyo sababu haisimuliwi. Lakini mkoa ulioko mwisho wa nchi, uliounganishwa na Dar es Salaam kwa reli, meli na barabara mbovu za wakati ule, usingeweza kukombolewa bila hiyo.

Baada ya vita mkoa ulipewa jina la mto, ukaitwa Kagera, na askari waliokufa wakazikwa Kaboya, wilayani Muleba, ambako taifa huwakumbuka. Tawi la anga lilirudi Ngerengere na vituo vingine likiwa na sifa na pia likiwa na mitambo iliyochakaa, kwa kuwa gharama ya vita ilibana kila bajeti kwa miaka mingi. Uhai mpya ulionekana katika miaka ya mwanzo baada ya 2010, zilipopatikana kutoka China ndege za F-7 za toleo jipya na ndege za mafunzo za K-8, na katika maadhimisho ya miaka 50 ya Uhuru, Desemba 2011, wananchi waliona ndege za kivita zikipita kwa mpangilio juu ya Dar es Salaam.

Hapo ndipo kipimo kilichotumiwa katika makala haya kinapopata matumizi mapya. Ndugu wa F-7 ndiye aliyetumiwa na timu ya China kuanzia miaka ya 1990 hadi ilipohamia J-10 mwaka 2009, na K-8, yenye viti viwili, mwanafunzi mbele na mwalimu nyuma, ndiyo inayotumiwa na Silver Stars, timu ya sarakasi za anga ya Misri. Mafunzo ya kuruka kwa mpangilio huanza kwa ndege mbili, yakaenda kwenye ndege nne zenye umbo la almasi, na timu nyingi kubwa duniani zilianza na almasi hiyo. Hoja kwamba Tanzania haina vifaa vya kuanzia haina nguvu tena. Kinachobaki ni swali la kama taifa linaona faida ya kulipia mafuta, muda na hatari. Faida ipo, kwani nidhamu iliyokosekana kati ya anga na ardhi huko Musoma hujengwa kwa mazoezi ya aina hiyo hasa, wakati wa amani, mbele ya macho ya watu wanaoweza kuona kosa.

Iwapo timu ya namna hiyo itaundwa, anga ya Kagera inastahili kuwa ya kwanza kuiona, tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, juu ya Kaboya na Kyaka. Tangazo lake lingelazimika kufika vijijini siku kadhaa mapema, kutoka Minziro hadi Murongo, kwa Kiswahili, Kihaya na Kinyambo, likieleza saa, upande ndege zitakakotokea na idadi yake, kwa sababu wapo wazee wa huku ambao mara ya mwisho kusikia jeti za kivita zikija chini kwa kundi walikimbilia migombani na watoto mgongoni.